Marehemu Yupo Kazini

Jumatatu, Machi 3
Nimepata kazi! Miezi mitatu, mkataba wa muda, manispaa, ghorofa ya kwanza, meza karibu na dirisha lisilofungika. Wenzangu walikuja na vyeti vinne vinne, mimi nimekuja na vidole tu. Afisa Utumishi kaniuliza, "Kompyuta umesomea wapi?" Nikamwambia sikusomea, nilijifundisha kwenye kompyuta mbovu ya fundi simu wa mtaani, nikimlipa kwa kumfagilia duka. Kacheka. Kanipa ukurasa mzima niandike. Nilipomaliza akatazama saa, akanitazama mimi. "Kesho saa mbili. Usichelewe." Nimerudi nyumbani mbio, mvua ya kwanza ya msimu inanifukuza mgongoni.

Jumanne, Machi 4
Mvua. Dirisha kweli halifungiki.

Alhamisi, Machi 6
Leo ndiyo nimeelewa kwa nini wameniajiri. Chama cha wafanyakazi kinataka mishahara ipande asilimia kumi na tano, wamesubiri miaka minne. Manispaa inasema hela hakuna mpaka ushuru wa soko upande. Watu wa soko wanasema hawaongezi hata senti mpaka watumishi hewa waondolewe kwanza, wale ambao majina yanalipwa na sura hazionekani. Basi mwezi wa tano kuna uhakiki: kila mfanyakazi asimame uwanjani na kitambulisho, jina liitwe, aitike. Kabla ya hapo mimi niingize kwenye kompyuta madaftari yote ya mahudhurio, idara kwa idara.

"Utawakamata tu," Afisa Utumishi kaniambia, anapuliza chai. "Mtu hewa hana mwandiko wake."

Jumapili, Machi 9
Shangazi kaja kutusalimia. Anauza mabeseni, ndoo na mifagio sokoni, na hajui kuongea taratibu.

"Eti na wewe umejiunga na wala ushuru?"

"Mimi karani tu, shangazi."

"Karani! Kila asubuhi, sijauza hata kijiko, yule mkusanyaji kashanisimamia na kitabu chake cha risiti. Choo cha soko hakina mlango mwaka wa pili huu. Nikiuliza hela zinakwenda wapi, naambiwa mishahara. Mishahara ya nani? Nionyesheni hizo sura!"

Mama alikuwa anakunja nguo. Hasemi sana toka baba afe. Baba alikuwa mzibua mitaro wa manispaa. Aprili iliyopita, mvua kama hizi, aliingia kwenye tundu la chini ya barabara kutoa takataka zilizoziba, maji yakaja kwa mkupuo kutoka juu. Walimtoa upande wa pili. Shangazi ni dada yake, tumbo moja. Tunaishi kwa mafao yake yanayoingia benki kila mwisho wa mwezi. Nyapara wake ndiye aliyeyahangaikia. Bila yeye sijui tungelala wapi.

Jumatano, Machi 12
Naandika haraka.

Leo nimefikia idara ya mitaro. Daftari kubwa, jalada limeliwa na unyevu, majina saba. La nne ni la baba. Nikasema ah, hili la zamani. Nikatazama juu ya ukurasa. Januari. Ya mwaka huu.

Saini ni yake. Inaanza na duara, inaishia na mkia uliopinda kushoto. Kafika kazini saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Baba alikuwa hivyo hivyo, kasoro tano, hata kwenye harusi za watu.

Nikarudi nyuma. Desemba alikwenda likizo. Likizo ya wapi jamani? Agosti aliumwa siku mbili: MGONJWA, kwa wino mwekundu. Nimesoma mara tatu. Baba yangu, miezi minne baada ya kumzika, kaumwa siku mbili, kapona, karudi kazini. Nikaanza kucheka. Afisa Utumishi kainua kichwa. Nikajifanya nakohoa, halafu kikohozi kikawa cha kweli, nikashindwa kuvuta pumzi.

Nikarudi nyuma tena mpaka Aprili 17, siku yenyewe. Kuingia: saa kumi na mbili kasoro tano. Kutoka: pako wazi. Siku tano zinazofuata hakuna kitu, zile siku za msiba. Siku ya sita kasaini.

Alhamisi, Machi 13
Nimeziruka kurasa zake. Nimeingiza idara ya bustani.

Ijumaa, Machi 14
Alfajiri nimesikia mtu anakung'uta matope ya viatu mlangoni. Ni maji ya bati yanadondokea ndoo. Ni maji tu.

Jumanne, Machi 18
Nimekwenda. Nisingeweza kukaa hivi hivi.

Yadi ya mitaro iko nyuma ya karakana. Banda la mabati, makoleo ukutani, viatu vya mpira vimepangwa kama watoto wa shule. Nilijibanza nyuma ya toroli. Nyapara, mzee mwenye sauti ya mchanga na kofia ya chama cha wafanyakazi, akaanza kuita.

"Namba moja!"

"Yupo!"

"Namba mbili!"

"Yupo!"

Alipofika namba nne hakuita namba. Aliita jina la baba, lote, mpaka la babu. Wote kwa pamoja, sauti nzito moja: "Yupo!" Kisha kijana mmoja mrefu kama nguzo, wenyewe wanamwita Mrefu, akafuta vidole kwenye suruali, akavua kofia, akasaini kwenye daftari jipya. Nyapara akagawa kazi. "Kipande chake leo, wewe na wewe, kituo cha mafuta mpaka machinjioni. Nataka kuona sakafu."

Mrefu ndiye aliyeniona. "Haa! Binti wa namba nne!"

Nikatoka nyuma ya toroli.

"Nani anasaini?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya kitoto.

"Sote tunaweza," Nyapara kasema. "Ila Mrefu ana mkono mzuri."

"Nilifanya mazoezi wiki mbili," Mrefu kasema, kidogo kwa kujisifu. "Ule mkia una kona mbaya."

Nyapara kamkazia macho. Kanikalisha juu ya toroli lililopinduliwa.

"Sikia, binti yangu. Tulisema wiki mbili tu. Mama yako asishinde na njaa mpaka mafao yatoke. Faili likakaa huko juu miezi mitatu. Jibu likaja: siku ile hakuwa zamu, aliingia mule kwa hiari yake, tena bila kamba. Kamba! Nimeomba kamba toka sina mvi hata moja. Na daftari la kuwaumbua lilikuwepo, hilo ulilonalo mezani kwako, kaingia kasoro tano, hakutoka. Lakini ukifunua ukurasa ule, na unaofuata unaonekana. Tulishauharibu kwa mikono yetu." Kajifuta uso. "Basi tukakaa hapa, sita, tukasema: kama kwenu hakufa kazini, kwetu bado yupo kazini."

"Na kazi yake?"

"Kipande chake hakijalala na takataka siku hata moja. Nenda kakague."

"Na Mama anajua?"

"Anajua ni mafao. Na wewe usimwambie." Kisha kapunguza sauti. "Mimi ndiye mwenyekiti wa chama tawi hili. Tunaingia kwenye mgomo. Wakikuta hewa mmoja tu kwangu, hakuna mfanyakazi mji huu atakayefungua mdomo tena kudai kitu. Ruka kurasa hizo. Uhakiki ukifika tutajua la kufanya."

Jumatano, Machi 19
Nimeziruka. Najiona mwizi, halafu najiona mtoto mwema, halafu tena mwizi.

Jumanne, Machi 25
Mvua siku ya sita mfululizo. Afisa Utumishi kauliza mitaro imefikia wapi. Nimesema kurasa zimelowa, nazikausha. Kweli nimezianika nyuma ya kiti changu. Siku nzima baba yuko mgongoni kwangu, anakauka.

Jumanne, Aprili 1
Mgomo umeanza. Watu wamedhani utani wa Siku ya Wajinga.

Jumatano, Aprili 2
Mimi wa mkataba, siruhusiwi kugoma. Nimepita katikati yao getini. Mrefu kaniimbia wimbo wa kuniaibisha, wenzake wakamzomea yeye.

Jumamosi, Aprili 5
Soko limezama. Mitaro imejaa, maji yamerudi juu na kila kitu kinachoelea. Nimemkuta Shangazi na maji ya magoti, anakimbiza bidhaa zake.

"Mabeseni yangu yanaogelea kama bata! Nyie chekeni tu! Nalipa ushuru nisafishiwe mtaro, wanachukua ushuru wanakaa getini wanapiga makofi! Hawa watu walaaniwe!"

"Shangazi, hata baba alikuwa mmoja wao."

"Kaka yangu alikuwa mfanyakazi. Hawa ni nini?"

Mdomo ule ni wa baba kabisa, akikasirika unapinda vile vile. Nilikuwa na maneno yote ulimini. Nikamsaidia kukamata ndoo.

Jumanne, Aprili 8
Mji mzima unanuka. Nimezunguka baada ya kazi kuangalia, kila mtaro umefura. Isipokuwa mmoja. Kutoka kituo cha mafuta mpaka machinjioni maji yanapita safi kama ya kisima, sakafu inaonekana. Mwenye kibanda cha kunyoa kaniambia, "Sisi huku tuna bahati. Huyu wetu hajagoma." Nikamuuliza, anafananaje? "Sijamwona. Nikifungua nakuta kashamaliza."

Nimetembea mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma.

Jumatano, Aprili 9
Getini Nyapara kawaka moto. "Nani anavunja mgomo? Nani anakwenda kipande kile?" Kila mtu kaapa. Mrefu, kama kawaida yake, kasema, "Labda namba nne hajapata tangazo la chama." Hakuna aliyecheka. Na yeye mwenyewe, alipokwisha kulisema, uso ukawa kama majivu. Kaja pembeni kwangu, kanong'ona, "Dada Kompyuta, mimi saini yake sikuigusa toka mgomo uanze. Naapa. Kule mtaroni ni nani?"

Ijumaa, Aprili 11
Nimeamka saa kumi na nusu. Mvua ndogo ndogo. Kitanda cha Mama kilikuwa kimetandikwa, nikadhani kawahi sokoni kumsaidia Shangazi. Nikaenda.

Nilimwona kutoka mbali, chini ya taa ya kituo cha mafuta. Koti la mvua la manispaa, viatu vya mpira, mgongo umeinama. Anachota, anapumzisha mpini juu ya goti la kushoto, anatupa. Baba alitupa hivyo. Hakuna mtu mwingine anayetupa hivyo. Nilikaa palepale barabarani kwenye maji, nikaita, "Baba."

Kivuli kikageuka. Alikuwa Mama.

Alichomeka koleo kwenye tope. Kisha kasema, "Inuka utapata homa," kana kwamba tuko jikoni.

"Mama, umejua lini?"

"Mashine ya benki inaandika mshahara, mwanangu. Sijasoma sana, lakini neno hilo nalijua." Kachota tena. "Wao waliona haya kuniambia. Na mimi nikaona haya kuwaambia."

"Lakini kuna mgomo! Nyapara anatafuta mtu wa kumtafuna."

"Mgomo ni wao. Wao wako hai, wana haki ya kukaa chini. Wanafanya kazi ya kufa kwa hela ya kulia. Siwalaumu. Ila hela niliyotoa benki juzi imetoka kwenye mabeseni ya wifi yangu, nimemwona akiyafukuza majini. Nitailaje na mtaro huu umejaa?" Kaegemea mpini. "Nimemchosha baba yako. Kila alfajiri wanamwita, anaitika. Mwaka mzima hajalala. Namsikia akiamka kabla yangu."

Sikumwambia kwamba na mimi namsikia.

Nikamweleza habari ya daftari, ule ukurasa wa kuingia bila kutoka, na zile zinazofuata. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Litoe."

"Lote? Watamfukuza Nyapara. Watakudai wewe."

"Lote."

Nikampokea koleo. Viganja vyake vimejaa malengelenge yaliyopasuka, na mimi nalala naye nyumba moja sijawahi kuviona.

Alhamisi, Aprili 17
Mwaka mmoja. Mvua toka asubuhi mpaka sasa.

Alhamisi, Aprili 24
Mgomo umekwisha. Wamekubaliana asilimia sita. Ushuru wa soko unapanda Juni. Kila upande unasema umeshinda, na sijaona anayefurahi.

Jumamosi, Mei 10
Nimemwambia Nyapara yadini kwamba daftari linatoka. Nilijiandaa kutukanwa. Aliendelea kukwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti. Mwezi wa tatu nilimwona shujaa, kisha nikamwona tapeli. Leo nimeona mzee mwenye watoto watano.

"Mama yako kasema?"

"Kasema lote."

"Sawa." Kijiti kikakatika. "Ila jina lake liitwe kwanza. Msimkate kimya kimya kama paka."

Jumapili, Mei 11
Mama kamwambia Shangazi mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni tayari kumshika mtu.

Shangazi kasikiliza, macho yamemtoka. "Ngoja. Ngoja kwanza. Kwa hiyo mwaka mzima mimi namlipa kaka yangu mshahara?"

"Ndiyo wifi."

Kaanza kucheka. Kacheka mpaka kakaa chini. "Na alipokuwa hai alinikopa akagoma kunilipa!" Kapiga paja. "Mshenzi yule! Kaniweza mpaka kaburini!" Kisha kicheko kikageuka kwenye koo, kikawa kile kilio ambacho msibani hakulia, maana msibani yeye ndiye aliyekuwa anapika na kuamrisha watu. Mama kamshika kichwa. Wamekaa hivyo sakafuni mpaka giza likaingia.

Alipotaka kuondoka kasema, "Kesho nakuja kwenye uhakiki. Nataka nione hizo sura."

Jumatatu, Mei 12
Uwanja wa manispaa, saa tatu. Wafanyakazi mistari mistari, watu wa soko wamejaa ukutani. Mimi mezani chini ya turubai, kompyuta mbele, daftari mapajani. Wameanza na ghorofa ya juu. Majina tisa hayakuitikiwa. Kila likikosa, mtu wa ofisi ya juu anasema, "Yuko safarini," na mimi naambiwa niandike yuko safarini. Tisa! Wote safari moja!

Ikafika mitaro. Moja, yupo. Mbili, yupo. Tatu, yupo. Afisa Utumishi kaita jina la baba.

Hawa wanaume sita wamelijibu jina hilo kila alfajiri kwa mwaka mzima. Niliona midomo yao ikifunguka yenyewe. Mrefu kajiziba kwa kiganja. Mvua juu ya turubai. Naapa niliona watu wa mstari ule wameacha nafasi ya mtu mmoja, kati ya wa tatu na wa tano, na hakuna aliyekanyaga pale.

"Mara ya pili," Afisa Utumishi kasema, kaita tena.

Nikasimama. "Ni baba yangu. Alikufa Aprili 17 mwaka jana. Mlisema hakuwa zamu. Hapa kaingia saa kumi na mbili kasoro tano. Kutoka hapajaandikwa."

Kasoma. Niliona macho yake yakishuka, yakasimama. Kisha, kama nilivyojua, kafunua ukurasa unaofuata. Na unaofuata.

"Hii ni mikono ya nani?"

Nyapara kavua kofia ya chama, kaiweka mezani. "Yangu." Mrefu kasogea. "Na yangu." Wakasogea wote.

Ukutani mtu akapiga kelele, "Hewa huyo! Amekamatwa!" Watu wakashangilia. Juu ya kelele zote nikasikia sauti ninayoijua. "Nyamazeni! Huyo ni wangu! Nimemlipa mimi, na kazi kafanya! Waulizeni hao wa safarini!"

Kompyuta ilikuwa inasubiri. Sababu ya kuondolewa: kastaafu, kahama, kafukuzwa, kafariki. Tarehe. Nikaandika.

Jumatano, Mei 14
Nyapara kaachishwa kazi. Watano waliobaki wamesimamishwa miezi mitatu bila mshahara. Faili la mafao limefunguliwa upya, na kila alichopokea Mama kitakatwa humo. Wale tisa bado wako safarini. Mkataba wangu unaisha Mei 30, hawatauongeza.

Ijumaa, Mei 16
Mama kalala mpaka saa mbili. Nimekwenda mara tatu kusikiliza kama anapumua.

Alhamisi, Mei 22
Nimepita kwa Nyapara. Anashona viatu barazani. Hajanilaumu. Kaniuliza kama namsikia bado. Nimesema hapana. "Hata mimi," kasema, na hakuonekana mtu aliyefurahi.

Ijumaa, Mei 30
Siku ya mwisho. Mvua kubwa usiku kucha, na kutoka kituo cha mafuta mpaka machinjioni maji yamepanda mpaka kwenye vibanda. Hakuna aliyepangiwa kipande kile.

Toka saa mbili simu ya mapokezi inalia. Dada wa mapokezi kachoka, kapanda ngazi mpaka mezani kwangu, nafungasha kalamu zangu.

"Watu wa kule wanamuulizia yule mzibua mtaro wao. Eti alikuwa hakosi hata siku moja, kapatwa na nini? Niwaambie nini?"

"Waambie amefariki."

"Masikini! Watauliza lini."

Nilitazama nje. Kompyuta ile pale ina tarehe sahihi, ya Aprili mwaka jana, niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu.

"Wiki mbili zilizopita," nikasema. "Siku ya Jumatatu, asubuhi."